Ghorofa Zijengwe, Lakini Maiti Tumwoshee Wapi?

Mhariri,

Jumamosi iliyopita mlitoa picha ya barabara yetu hapa Majengo, Mombasa, ghorofa mpya ya orofa nane imesimama katikati, na chini yake mkaandika kwamba mtaa umeamka. Mimi nakaa nyumba ya pili kutoka hapo. Kushoto kwa picha kuna pembe ya paa la mabati lenye kutu. Hilo ni paa langu. Sina ugomvi na mpiga picha wala na kutu yangu. Naandika kwa sababu kazi yangu imeniingiza vyumba vya ndani vya mtaa huu kuliko ilivyomwingiza mwakilishi wadi, daktari au fundi wa stima, na kuna jambo nimeliona huko ambalo waliopitisha ramani za ghorofa hizi hawakuliwaza hata kidogo.

Mimi ni mwosha. Naosha maiti wa kike. Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha, mwaka 1987, na miaka miwili ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kumimina maji tu, nisiulize na nisilie. Leo nina miaka 63 na nimeshamwosha yeye mwenyewe. Hii si kazi ya mshahara. Watu hunipa walichonacho, wengine dua, wengine kanga, na riziki yangu natoa kwa vyumba viwili ninavyopangisha pamoja na mbaazi na mahamri ninayouza asubuhi barazani.

Wasomaji ambao hawajapata kulala nyumba ya Kiswahili, niwaeleze ilivyo. Mbele ni baraza. Ukipita mlango unaingia ukumbini, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ukumbi wenyewe umenyooka mpaka mlango wa uani. Uani kuna jiko, bafu, choo mbali kidogo, na kisima kwa aliyejaaliwa. Basi. Ni nyumba ya udongo na boriti, au ya mawe, makuti yakatoka yakaja mabati. Lakini akifariki mtu alfajiri, nyumba hiyo hujipanga yenyewe. Wanaume hutoka barazani. Wanawake hujaa uani, hawa wanalia, hawa wanamenya vitunguu, maana hata kwenye msiba watu watakula. Mimi na wenzangu wawili huingia chumba cha kati na pazia likashushwa. Tukimaliza kukafini, yaani kumvisha maiti sanda, jeneza huingia kwa mlango wa mbele, likawekwa ukumbini, likatoka vilevile lilivyoingia, limenyooka, bila kugeuzwa wala kuinamishwa. Hata siku moja sijaona jeneza likigonga ukuta katika nyumba ya Kiswahili.

Enzi za shangazi, sakafu zilipokuwa za udongo, tulichimba ufuo. Vijana hawalijui tena neno hili kwa maana hiyo, wao ufuo kwao ni pwani. Ufuo ni handaki dogo linalochimbwa chini ya kitanda cha kuoshea, maji yote yaliyomgusa maiti yakaingia humo, lisitoke hata tone likakanyagwa na mpita njia. Tukimaliza tunafukia. Ilipokuja saruji tukaacha kuchimba, tukatengeneza mkondo wa kuelekea uani na hapo ndipo tukachimba. Uwanja wa udongo haukukosekana.

Na majani ya mkunazi hayakukosekana. Maji ya kwanza huchanganywa na mkunazi uliotwangwa, ya mwisho huwa na kafuri. Kafuri nanunua dukani. Mkunazi nilikuwa nauchuma nyumba ya pili kutoka kwangu, uani kwa shoga yangu tuliyesoma naye madrasa. Ulikuwa mti mkubwa, matawi yake yamepita ukuta, na watoto walikuwa wakiangusha kunazi kwa mawe mpaka mabati yangu yakawa na mashimo. Saa yoyote ya usiku nilibisha, naye alijua. Aliuliza jina la marehemu tu, kisha akashika kurunzi nami nikachuma.

Nyumba hiyo ya shoga yangu ndiyo iliyobomolewa ikajengwa ghorofa mliyoipiga picha.

Watu wa bara hushangaa nikiwaambia kwamba nyumba ilikuwa yake na kiwanja si chake. Hapa Mombasa jambo hili ni la kawaida kama chumvi. Mwaka 1908 serikali ya Mwingereza ilitunga sheria ya kutaka kila mwenye madai ya ardhi huku Pwani ajitokeze aandikishe. Waliojua walifika mbele ya afisa wakatoka na hati. Wengi hawakujua, au walijua wakadhani kukaa kwao kunatosha. Tangu hapo kukawa na mwenye ardhi na mwenye nyumba, watu wawili juu ya kiwanja kimoja, na mwenye nyumba akalipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, baba kwa mwana, na risiti zikawekwa kwenye mkebe wa biskuti. Mkebe wa shoga yangu niliuona. Risiti ya zamani kuliko zote ilikuwa ya babu yake.

Mwenye ardhi alifariki zamani. Wajukuu zake hawakai hapa, na sioni ajabu wao kuuza. Yalikuja makaratasi ya kumpa shoga yangu miezi mitatu ahame. Alilipwa kwa ajili ya nyumba, yaani mawe, boriti, milango na mabati. Mkunazi haukuhesabiwa. Ulikatwa kwa msumeno wa petroli asubuhi moja kabla sijamaliza kuuza mahamri, na kisiki kikang'olewa na tingatinga.

Mimi si mpinzani wa majengo. Mwanangu wa pili ni fundi wa vigae, na ghorofa hizi ndizo zinazomlisha tangu 2019. Vyumba vyangu vinavuja, choo changu ni cha shimo, na maji nanunua kwa mitungi ya mkokoteni kama kila mtu. Najua pia kwamba kisiwa hakitanuki. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,171 hapa Mvita na 291,930 kule Kisauni, na wanangu wawili wamo katika hao wa Kisauni, walivuka daraja kutafuta kodi wanayoiweza. Zikijengwa nyumba za kutosha hapa huenda mmoja akarudi, ingawa kwa bei ninazozisikia sitandiki mkeka kumngoja. Chumba changu napangisha 4,500 kwa mwezi. Vyumba viwili na sebule katika ghorofa hiyo ni 28,000.

Mtoto wa kwanza wa shoga yangu yuko ng'ambo. Mama alipohamishwa alikaa Mtwapa miezi minane, akadhoofika kwa upweke. Kijana akasema basi, nitamrudisha mtaani kwake. Akampangia fleti katika ghorofa ileile, orofa ya tano. Shoga yangu akawa anakaa hewani, juu ya mahali ulipokuwa mkunazi wake. Tulicheka sana siku aliponiita dirishani kunionyesha paa langu kutoka juu, na matundu yote. Akaniambia, "Kumbe nyumba yako ni chungio!" Sheria ya 2020 inamwezesha mtu kumiliki fleti kwa hati yake mwenyewe, orofa ya tano, ya saba, popote. Yeye aliyekanyaga ardhi ile miaka sabini hakupata hati ya hata kipande cha ua.

Alifariki mwezi wa Shaaban, kabla ya alfajiri. Nilipigiwa simu na mjukuu wake.

Nilipofika, mlinzi wa lango aliniandikisha daftarini, jina, namba ya kitambulisho na fleti ninayokwenda. Kwenye sababu ya ziara akaniuliza aandike nini. Nikamwambia andika maiti. Akanitazama, akaandika "mgeni".

Lifti inabeba watu wanne. Kitanda cha kuoshea hakikuingia, kikapandishwa kwa ngazi. Bafu lilikuwa na choo ndani yake, na nikinyoosha viwiko nagusa kuta zote mbili. Sikuwa tayari kumwoshea pale, na hata ningekuwa tayari, asingeenea. Chumba cha kulala kilijaa kitanda na kabati. Ikabaki sebule. Tukatoa makochi, tukayapanga koridoni mbele ya milango ya majirani, kila anayetoka kwenda kazini akawa anaruka kochi. Kijana mmoja alitumwa dukani kuleta nailoni nene ile ya kumwagia zege. Tukaitandika juu ya vigae, tukainua kingo zake kwa mito na ubao wa kitanda ili maji yasikimbie, na chini ya kitanda tukaweka makarai.

Mfereji ulikuwa mkavu. Pampu ya ghorofa hufunguliwa alfajiri na jioni, na alfajiri ilikuwa imekwisha kupita. Tukamwita mwenye mkokoteni. Alitaka shilingi mia kwa kila mtungi kwa sababu ya ngazi, na sikumlaumu, mitungi kumi orofa tano si mchezo. Majani ya mkunazi nilikuwa nayo makavu, niliyoyahifadhi kwenye mfuko tangu siku mti ulipokatwa. Yalikuwa yake.

Tulifanya kazi polepole kuliko kawaida. Mkono mmoja unaosha, mwingine unakinga maji. Na hata hivyo maji yalipata njia, maji hayana adabu. Nilikuwa natia kafuri mlango ulipogongwa kwa nguvu. Mjukuu akafungua kidogo. Alikuwa mpangaji wa orofa ya nne, kijana wa bara afanyaye kazi bandarini, amevaa sare zake, na ninamsikia akisema kwamba dari lake linatiririka, mnafua nini huku asubuhi yote hii. Binti hakuweza kumjibu. Nikasikia kimya kirefu, halafu sauti yake imeshuka: "Pole sana. Mimi sikujua kuna msiba."

Neno hilo sikulisahau. Alikuwa chini yetu kwa kimo cha mtu mmoja na nusu, na hakujua. Katika nyumba zetu mlio wa kwanza hufika mwisho wa kichochoro kabla aliyelia hajavuta pumzi. Na kijana hakuwa mbaya. Alirudi ndani, akabadilisha nguo, akashuka kuondoa bodaboda zilizoziba mlango wa chini. Siku hiyo hakwenda kazini, nadhani.

Wanaume nao hawakuwa na pa kukaa. Mlinzi alikataa hema kwenye maegesho. "Nikiwaruhusu, kesho mimi sina kazi," aliwaambia, na alisema kweli. Wazee wakavuka barabara wakaja kukaa barazani kwangu na kwa fundi cherahani, hizo ndizo baraza mbili zilizobaki upande ule. Muuza kahawa aliyesikia akaja na dele lake bila kuitwa.

Nikafika kwenye kumtoa. Jeneza la msikiti lilikuwa limengoja chini, kwa kuwa ngazi zina mikato na kwenye kila mkato halipati nafasi ya kugeuka. Walijaribu mara moja, likagota ukutani likaacha mkwaruzo kwenye rangi, wakalirudisha. Kwa hiyo shoga yangu, baada ya nguo tano za sanda nilizomfunga kwa mkono wangu, alizungushiwa mkeka na blanketi akashushwa na wanaume sita, watoto wa nduguze. Kila mkato waliinua upande wa kichwa juu ya vyuma vya ngazi, wakaupitisha, wakaushusha. Mmoja alikuwa akisema "taratibu, taratibu" kama watu wanaohamisha friji. Nilikuwa nyuma yao nikihesabu mikato. Kumi. Mwanamke ambaye upepo wa kusi ukimpeperusha buibui alikuwa akisimama njiani mpaka utulie!

Makaburini Kikowani tulimfikisha salama, na Mungu amrehemu.

Matanga yake yalifanyika kwangu. Siku tatu wanawake walilala ukumbini mwangu, na usiku wa pili ilinyesha, tukajua kila tundu liliko. Hata hilo si kitu. Mwezi uliofuata alifariki mume wa mama mwingine, orofa ya sita, na mjane akaingia eda humo, kukaa ndani asitoke nyumbani. Miezi minne na siku kumi. Mjane wa nyumba ya chini hutoka uani, akaota jua, akapepeta mchele, akazungumza na jirani juu ya ukuta. Huyu alikuwa na dirisha. Nikienda kumtazama namkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, uso kwenye vyuma, anahesabu tuktuk.

Wala si sisi Waislamu peke yetu. Jirani zetu wa Kitaita wa nyumba ya nyuma walifiwa baada ya kuhamia ghorofa nyingine hapo Sega. Maiti yao ilikuwa mochari, lakini watu wao hukusanyika jioni kwa jioni kuimba, kuomba na kuchanga pesa za gari la kumpeleka nyumbani. Walikusanyika kando ya barabara, kinanda kimewekwa juu ya boneti ya gari.

Najua nitajibiwa kwamba msikiti una chumba cha kuoshea. Unacho, kimoja, na siku ya misiba miwili huwa foleni, wa kike wanangojea wa kiume wamalize. Tena kumpeleka msikitini bado itabidi ashushwe zile ngazi, safari hii bila hata sanda. Nitajibiwa pia kwamba mambo yamebadilika, watu wazoee. Watu wanazoea. Nimezoea saruji, nimezoea vigae, nimezoea kuosha na glavu. Ninalolisema ni dogo kuliko hilo.

Ghorofa hii ina chumba cha jenereta. Ina chumba cha taka, na chumba cha mlinzi chenye choo chake. Ina maegesho ya magari kumi na nne, na wapangaji wenye magari niliowahesabu ni watano. Aliyechora ramani alifikiri gari litalala wapi. Basi kwa chumba kimoja cha chini, chenye mfereji, sakafu iliyoinama kidogo kuelekea tundu la maji, na mlango wa majani mawili, angekuwa amemaliza kazi. Siku nyingine zote kiwe cha harusi, cha madrasa, cha mikutano ya wapangaji wanaogombana juu ya pampu, vyovyote. Sehemu mbili tatu za maegesho ziruhusiwe hema siku ya msiba, na iandikwe kwenye mkataba wa nyumba ili mlinzi asiogope kufutwa. Na ngazi zipimwe. Jeneza la msikiti wetu nimelipima mwenyewe kwa utepe wa fundi cherahani, urefu wake na mikono ya kushikia, na nitampa vipimo mchoraji yeyote atakayekuja, atanikuta na sufuria ya mbaazi mpaka saa nne.

Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inamtaka anayeomba ruhusa ya kujenga awajulishe watu, nao wapewe nafasi ya kupinga. Hili nilielezwa na mjukuu wangu. Ubao wa kujulisha ulikuwepo kweli, umepigiliwa kwenye uzio wa mabati, umeandikwa Kiingereza kitupu kwa herufi ndogo za kusomwa kwa miwani, na muda wote lori la kokoto lilikuwa limeegeshwa mbele yake. Lau ungeandikwa Kiswahili nisingepinga jengo. Ningeuliza swali moja, lile lililo juu ya barua hii.

Kiwanja changu nacho si changu. Mwaka huu aliyekuja kuchukua kodi si yule mzee wa siku zote, ni kijana mwenye simu mbili, alipiga picha za ukuta na hakukaa kunywa maji. Mkebe wangu wa risiti nimeuhamisha kutoka juu ya kabati, nimeuweka chini ya kitanda.

Majani makavu ya shoga yangu yalikwisha juzi, nilimwoshea mtoto wa miaka tisa. Sasa nategemea mfuko unaoletwa na mwanangu kutoka Kisauni, na daraja la Nyali likifungana kwa magari, maiti yuwangoja. Kwa hiyo, Mhariri, kama kuna nafasi, naomba mnichapishie na tangazo hili: mwenye mkunazi uani mwake hapa kisiwani, hata kama amekwisha kuuza, asiukate kabla hajanitafuta. Aulize msikiti wowote wa Majengo, watamleta.

Mwosha,
Majengo, Mombasa.